Chumvi ya Kuagana

Sijawahi kumwamini mwuza nyama, na sioni sababu ya kuanza leo. Miaka ile ya Ujamaa, nilipokuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Sumbawanga, nilikwenda bucha kama mtu anayekwenda kutoa ushahidi. Nilitazama mizani, nikatazama kidole cha mwuzaji kiko wapi, nikatazama mfupa uliojificha chini ya kipande kizuri. Wenzangu kwenye foleni walinicheka, wakasema mwalimu anasahihisha nyama. Wacheke tu. Kifurushi changu kilikuwa na mifupa michache kuliko vyao.

Mama yangu alinizidi kwa shaka. Mimi nilishuku mizani, yeye alishuku njia aliyopita ng'ombe.

Alikuwa na sababu. Kabla ya kuja kukaa nami Chanji, hapa mjini, aliishi katika kijiji kipya upande wa Chala, ambako watu walikusanywa kutoka makazi yao ya zamani. Maksai wetu wawili wa plau waliingizwa kwenye zizi la kijiji. Zamani yeye na baba waliwalimisha asubuhi tu, jua likipanda wakawafungua wakale. Sasa kila mtu aliwashika kwa zamu, na kila mwenye zamu alitaka kumaliza kipande chake siku hiyo hiyo, kwa hiyo fimbo haikupumzika. Msimu wa pili mmoja alianguka shambani akiwa bado na nira shingoni. Wakamchinja pale pale, nyama ikagawanywa, na mama akaletewa fungu lake kama mwanakijiji mwingine yeyote. Aliniambia ilikuwa nyeusi na ilinata vidoleni. Toka siku hiyo hakugusa nyama.

Alipofika kwangu alikuwa amekonda, kucha zimekuwa nyeupe, akipanda kakilima ka nyumbani anasimama mara tatu. Baba alikuwa ameshafariki na mimi ndiye mtoto pekee. Nikampeleka zahanati. Muuguzi akamfunua kope, akasema damu ni kidogo mno, ale nyama na maini, la sivyo atarudi amebebwa. Njiani mama akanishika mkono.

"Nitakula, mwanangu. Ila niletee ya ng'ombe ambaye hakuteswa."

Nilikasirika, siwezi kuficha. Watu wanagombania sukari kwenye duka la ushirika, yeye anataka kujua ng'ombe alilalaje! Na wote tulijua ng'ombe wengi wa bucha walitoka bonde la Rukwa. Walipandishwa ule mlima kwa fimbo, wakigoma wanasokotwa mikia, na wakifika mjini macho yamewatoka, wanachinjwa alfajiri inayofuata. Lakini niliogopa. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilichungulia chumbani kwake kuona kama anapumua.

Basi nikamwendea mzee mmoja mwenye bucha, mtu wa mjini, mpole, mwenye maneno laini. Nilimweleza shida ya mama nikitegemea atanicheka. Hakucheka, na hilo ndilo lililonitia shaka.

"Mwambie mama ninao waliopumzika," alisema kwa sauti ya chini. "Nawaweka Milanzi siku tatu. Wanakula, wanakunywa, wanasahau safari. Ila majani yana gharama, mwalimu, na bei ya serikali haiyajui majani."

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na kitu hiki nilikiona wazi kinajitembeza. Isitoshe, kuongeza hata senti juu ya bei iliyopangwa ilikuwa ulanguzi, na watu walikuwa wakishtakiwa kwa hilo. Nikasema silipi mpaka nione kwa macho yangu. Akanipeleka. Huko Milanzi, ndani ya ua wa miiba karibu na kijito, walisimama maksai wawili wanono: mmoja wa kahawia mwenye baka jeupe usoni, mwingine mweusi, pembe moja imeinamia jicho. Walikuwa wanacheua taratibu. Akasema hao ni wa Jumamosi.

Nikalipa. Kila Jumamosi nilipitia mlango wa nyuma nikapewa nusu kilo iliyofungwa kwenye gazeti, na juu ya bei ya kawaida niliongeza ile aliyoiita pesa ya majani. Ili niimudu niliacha kununua mafuta ya kujipaka, na viatu vyangu vya kufundishia nilivipeleka kwa fundi mpaka fundi akavionea huruma.

Mama alipohakikishiwa kwamba nimewaona, akaleta jambo lingine. Nyumbani kwetu mnyama hakuondoka hivi hivi kwenda kuchinjwa. Mtu wa nyumba atakayokula nyama yake alimlambisha chumvi kiganjani, akamwambia asante. Sijui kama ni desturi ya Wafipa wote au ya ukoo wetu tu, lakini mama aliishika kuliko rozari yake.

"Mimi sifiki Milanzi," alisema. "Nenda wewe kila Ijumaa, kwa niaba yangu."

Chumvi, jamani! Wakati huo chumvi ilipatikana kwa foleni na kwa kujuana. Mama akawa anakula maharage yasiyo na ladha ili kijiko kimoja kiende kwa ng'ombe wa mtu. Nilinung'unika, lakini nilikwenda. Ijumaa ya kwanza wale wawili waliniogopa, nikaimwaga chumvi juu ya jiwe lililokuwa ndani ya ua. Ya pili nilikuwa na rundo la mitihani ya kusahihisha na upepo wa Julai unakata masikio. Nikaiacha pale kwenye jiwe bila hata kutazama nani yumo, nikarudi mbio. Nilimwambia mama nimewaaga vizuri.

Ijumaa ya tatu nilifika mapema. Kabla sijafungua kitambaa changu cha chumvi, maksai mweusi alitoka upande wa kijito akaja moja kwa moja mpaka nilipo, akaniingizia pua kiganjani, akaanza kulamba. Pembe yake moja ilikuwa imeinamia jicho. Yule wa baka jeupe alikuwa anamfuata nyuma. Nilisimama pale naparuzwa kiganja na ulimi wa ng'ombe niliyekuwa nimeshamla wiki mbili zilizopita.

Sikupita nyumbani. Nilikwenda bucha nikamkuta mzee anapangusa gogo lake.

"Wale wa Milanzi hawachinjwi," nilimwambia, hata shikamoo sikuitoa.

Hakustuka. "Wale ni wa kuonyesha, mwalimu. Wateja wa majani hamfiki hata vidole vya mkono mmoja. Nimpumzishe ng'ombe mzima kwa ajili ya nusu kilo yako? Hawezi kupumzika mguu mmoja, mitatu ipigwe fimbo. Na wateja wengine wote watakaomla ng'ombe huyo huyo, nani atanilipia majani kwa sehemu yao?"

"Kwa hiyo unatuuzia uongo."

"Unalipia majani, na majani yanaliwa. Umeyaona yakiliwa."

Nikasema nitamshtaki. Akaniuliza kwa upole ule ule nitaeleza nimenunua nini, kwa mlango upi, kwa bei gani. Nilimchukia, na nilichukia zaidi kwamba hesabu yake ilikuwa sawa. Nikamuuliza ng'ombe mmoja aliyepumzika kwelikweli angenigharimu kiasi gani. Akanitajia. Ungekuwa mshahara wangu wa miezi kadhaa.

Jumamosi nilirudi mlango wa nyuma. Sikulipa pesa ya majani, naye hakuidai. Nyama aliyonipa ilikuwa nyeusi kidogo. Kabla mama hajaiona niliikatakata, nikaichanganya na majani ya maboga na nyanya nyingi, nikaifunika. Aliponiuliza kama walilamba chumvi, nilijibu walilamba. Hapo sikudanganya. Walilamba mpaka wakataka kula kitambaa.

Nikaishi hivyo wiki nyingi, mimi niliyeshuku kila mtu. Kila Ijumaa nilikwenda Milanzi, kwa sababu niliogopa nikiitupa chumvi njiani mama ataiona usoni kwangu. Na alikuwa anapona. Kucha zilirudisha rangi, akaanza kufagia uwanja, akaanza kunigombeza. Nilijiambia uongo unaomponya mtu si uongo mbaya. Hata sasa sijui kama nilikuwa naamini.

Kisha jioni moja, bakuli la nyama likiwa katikati yetu na ugali wa ulezi bado unafuka, akasema: "Nina nguvu sasa. Ijumaa hii nitakwenda mwenyewe. Si vizuri kuagiza asante kila siku."

Ningeweza kusema ni mbali. Ningeweza kusema ua umehamishwa. Nilimtazama anavyokata tonge kwa vidole vilivyopata nyama, nikashindwa. Nikamwambia yote: wale wawili, pembe iliyoinama, majani ya maboga.

Nilitegemea atanilaani. Alinawa mkono polepole, kisha akauliza:

"Na wale tuliowala, nani aliwapa chumvi?"

Akanisogezea bakuli, akasema nile mimi, chakula kisipotee. Nilikuwa nimefundisha kutwa na nilikuwa na njaa, nikala.