Leokadia wa Lipowa, Muuguzi Aliyeungama Ukimya Wake

Alizaliwa tarehe 9 Desemba 1938, siku ya kumbukumbu ya mtakatifu ambaye alipewa jina lake, katika shamba la viazi nje ya kijiji cha Lipowa, jimbo la Wisconsin, Marekani. Alikuwa mtoto wa sita wa Kazimierz na Wiktoria Wrobel, watu wa ibada na maneno machache, waliosali rozari kwa Kipolandi huku wakimenya viazi. Alipokuwa na miaka kumi na miwili, dada yake Stefania alipata mimba kabla ya ndoa. Wazazi walimpeleka Milwaukee, kwenye nyumba iliyolea wasichana wa namna hiyo, naye akarudi baada ya miezi mitano akiwa mikono mitupu. Mtoto alikuwa amepewa watu wengine. Nyumbani habari hiyo haikutajwa tena, na Stefania hakuwahi kuulizwa yeye mwenyewe alitaka nini. Leokadia, aliyelala naye kitanda kimoja, alimsikia akilia, akaweka nadhiri moyoni kwamba akikua atakaa karibu na wanawake katika saa kama hiyo.

Alihitimu uuguzi mwaka 1960, akatumika miaka ishirini na mitano katika wodi ya wazazi. Hakuolewa. Mwaka 1985 waamini wa parokia walifungua Nyumba ya Faraja mjini, jirani na majengo ya madaktari ambako mimba pia zilitolewa, ili kuwapokea wanawake waliopata mimba wasizozitarajia na kuwasihi wasizitoe. Padre Malinowski alimwomba Leokadia ajiunge, naye aliitika kwa furaha, maana aliona nadhiri yake imetimia. Mkuu wa nyumba alikuwa Irmgard Voss, mjane mwenye moyo mkubwa na haraka nyingi. Bi Voss aliweka utaratibu mmoja: mwanamke akipiga simu kuuliza kama pale mimba zinatolewa, asijibiwe ndiyo wala hapana, bali aambiwe aje. "Wakijua, hawaji," alisema. "Waje kwanza, mengine watayajua wakishakaa." Tena wahudumu wote walivaa makoti meupe, ingawa daktari hakuwapo hata mmoja. Leokadia alivaa la kwake bila kuuliza. Ni jambo la kusikitisha kuliandika katika maisha ya mtu mtakatifu, lakini yeye mwenyewe aliagiza lisiachwe.

Jumanne tarehe 10 Machi 1987 alifika binti wa miaka ishirini, Darlene Kuehn, mfanyakazi wa kiwanda cha jibini. Kipimo kilionyesha ana mimba. Alisema tumbo linamuuma upande wa kushoto na damu inamtoka kidogo kidogo. Leokadia alitambua mara moja kwamba huenda mimba ilikuwa imetunga nje ya kizazi, na kwamba hiyo huua. Alitoka hadi ukumbini akamwambia Bi Voss, "Huyu lazima aonwe na daktari leo."

"Ukimpeleka hapo jirani leo, tumempoteza," Bi Voss alijibu. "Kesho kutwa si mbali, Leokadia. Mpe siku ya kurudi."

Aliporudi chumbani, binti alikuwa akilitazama lile koti jeupe. "Samahani, mama," aliuliza. "Hapa ni hospitali? Wewe ni daktari?"

Leokadia aliona kivuli cha Bi Voss mlangoni. "Uko kwenye mikono salama, mwanangu," alisema. "Rudi Alhamisi tuzungumze zaidi."

Jumatano mchana Darlene alianguka kiwandani. Mrija wa uzazi ulikuwa umepasuka. Madaktari waliokoa maisha yake, lakini mrija wa pili ulikutwa umeharibika tangu zamani, na hakuzaa kamwe. Leokadia alimwendea wodini na chungu cha supu. Darlene alimtazama, akasema, "Nilikuuliza kitu kimoja tu." Akageukia ukutani. Leokadia alirudi na supu yake.

Alikwenda kuungama. Padre Malinowski, akimhurumia, alimwambia asali na kujisamehe, kwa kuwa nia yake ilikuwa njema. Naye akajibu, "Padre, nia ilikuwa yangu. Mwili ulikuwa wake." Maneno hayo tunayo kwa sababu padre aliomba ruhusa yake ayasimulie, naye alikubali.

Tangu wiki ile alivua koti jeupe. Aliandika karatasi, akawa anamsomea kila aliyeingia, kabla hata ya kumuuliza jina: "Hapa si hospitali. Mimi ni muuguzi, si daktari. Hapa hatutoi mimba, wala hatukuelekezi kwa anayetoa. Mimi naamini mtoto uliyembeba ni zawadi ya Mungu, na nitakusihi umlee, lakini sitakudanganya. Ukiumwa, nitakupeleka kwa daktari leo hii. Ukitaka kuondoka sasa, ondoka, hakuna atakayekufuata." Bi Voss alisema anawafukuza watu. Leokadia alisema mtu aliyefichwa mambo hajakubali lolote, hata akiitikia kwa kichwa. Mwezi Agosti aliondolewa.

Hapo yakaanza majaribu yake. Parokiani aliitwa msaliti, na waliozoea kukaa naye kanisani walihama benchi. Mwandishi wa kurasa hizi alikuwa mmoja wao, na hana udhuru. Madaktari wa jirani nao hawakumwamini alipowapelekea wagonjwa, wakidhani ni mtego mwingine. Alipokea wanawake jikoni kwake kwa miaka ishirini na mmoja, kwa karatasi ile ile.

Wanaomkumbuka husimulia maajabu. Mwezi Januari 1994 Rhonda Pelky alisikiliza karatasi, akainuka akaondoka bila kuaga. Alizunguka mtaa katika baridi inayokata masikio, kisha akagonga tena. "Kote nilikopita wiki hii," alisema, "ni wewe tu uliyeniambia naweza kutoka." Alijifungua mapacha, nao wanaishi. Wengine waliondoka wasirudi. Leokadia aliwaombea kila mmoja kwa jina, kwa machozi lakini bila lawama. Wanawake watatu walihisi mkono wake ukitulia tumboni mwao, wakaamriwa waingie garini saa hiyo hiyo, na wote walikuwa katika hatari ile iliyompata Darlene. Madaktari walisema ni uzoefu. Wanawake hao wanasema vingine.

Kila mwaka alimwandikia Darlene barua ya kuomba radhi, wala hakupata jibu. Mwaka 2008, saratani ilipokuwa imemlaza, Darlene alikuja. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Alikaa kitini bila kuvua koti lake la baridi.

"Barua zako nilizisoma," alisema. "Sijakusamehe. Nimejaribu, imeshindikana. Nimeona nije nikwambie mwenyewe, usije ukafa ukidhani vingine."

Leokadia alimgeuzia uso. "Asante, mwanangu," alisema. "Ndivyo ilivyonipasa kufanya mimi siku ile."

Darlene alikaa naye hadi chakula cha mchana kilipoletwa, akamshikia kikombe akanywa, kisha akaenda zake. Leokadia alifariki siku ya tatu, tarehe 3 Novemba, akazikwa Lipowa kando ya Stefania.

Kanisa halijamtangaza kuwa mtakatifu, na huenda halitamtangaza. Lakini tangu mwaka 2011 karatasi yake husomwa katika Nyumba ya Faraja kwa kila anayeingia, na makoti meupe hayavaliwi tena. Tulichelewa, na kuna waliolipia kuchelewa kwetu. Basi, ndugu mwamini unayependa kuokoa, mwige: kabla hujamshika mtu mkono, mwambie wewe ni nani na unataka nini kwake, kisha ungoje jibu lake, hata kama jibu hilo litakuumiza. Na unapomwombea Leokadia raha ya milele, mwombee Darlene pia, ambaye bado yu hai, na ambaye hatuna haki ya kumdai msamaha.