Nilivuta duche ya urgence, na ntaivuta tena

Leo nimelowesha bageni ba shefu, na siombi pardon!

Ku kazi yetu, hapa Ruashi, tuko na duche ya urgence, bomba ya maji ya kuoshea muntu haraka akimwangikiwa na asidi. Asubuhi shefu alituambia: "Muntu asiiguse. Bageni banakuya, na chini tumetoka kupaka rangi."

Sawa.

Mbele bageni bafike, mupira ya pompe ya asidi ikapasuka. Asidi ikamurukia Papa Kalenga, mwenzangu wa kazi, mu macho.
"Mama Odile, sioni!" akaniita.

Nikamukokota mpaka ku duche, nikavuta mupini.
Maji ikajaa fasi yote. Bageni njo banaingia, viatu yabo inalowa.

Shefu akapiga kelele: "Funga! Inatosha!"
"Dakika kumi na tano, shefu. Imeandikwa pale ku ukuta."
Nikaendelea kumufungua Papa Kalenga macho na vidole yangu, mpaka dakika zikaisha.

Munganga wa hospitali amesema Papa Kalenga ataona. Ile maji ya kwanza njo ilimuponesha.

Na miye? Nimepewa demande d'explication, barua ya kunidai nijieleze!
Nimejibu mustari moja tu: "Macho ya muntu ilikuwa inaungua. Ikitokea kesho, ntavuta tena."

Nimesaini na jina muzima.

Sema kweli: ninyi mungefunga?