Muulize Kwanza Aliyeunguliwa

Nakumbuka ule mwaka kilima cha juu ya Matinyani kilipoungua, mwanangu. Mimi nilikuwa nimeolewa juzi-juzi tu, hata njia za kwenda kuteka maji nilikuwa bado nazikosea. Ilikuwa miaka ya sabini, mwisho wa kiangazi, nyasi zimekauka hadi zinalia chini ya miguu. Moto ulianzia upande wa pili wa kilima. Wengine walisema ni mrina asali aliyeacha kijinga cha moto nyuma yake, wengine wakasema ni mtu aliyekuwa akichoma vichaka apate shamba. Mpaka leo hatujui. Nami nikikumbuka, naona siku hizo za kwanza tulipoteza maneno mengi kwa swali hilo kuliko lilivyostahili.

Tulipigana na moto ule mchana kutwa kwa matawi mabichi na mchanga, wanaume kwa wanawake, macho yakitutoka machozi. Ukafa wenyewe ulipofika kwenye mto mkavu, kwa kuwa moto hauli mchanga. Lakini ulikuwa umekwisha pita kwa Kanini.

Kanini alikuwa jirani yetu, mwanamke mwenye mikono ya kazi na kicheko cha karibu. Mumewe, Mutua, alikuwa kibarua katika shamba la mkonge huko upande wa Kibwezi, na alikuja nyumbani mara chache kwa mwaka. Kanini alikuwa na watoto watano. Siku ile aliwatoa watoto, akawafungulia mbuzi wakakimbilia bondeni, basi. Alipogeuka kuangalia nyuma, nyumba ilikuwa imeshaporomoka, na ghala la mbaazi na mtama linawaka kama tanuru.

Sasa, sisi Wakamba tuna mengi, lakini kuachana katika shida si mojawapo. Kulipopambazuka njia ya kwa Kanini ilikuwa imejaa watu. Huyu na blanketi, yule na sufuria, mwingine na muthokoi, ule mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, kwenye kibuyu, ungali moto. Akina mama wa kanisani walileta mzigo wa nguo hata hatukujua tuuweke wapi. Kutoa ni moyo, si utajiri, na moyo siku hiyo ulionekana.

Kisha mmoja wetu akasema watoto hawawezi kulala nje. Lilikuwa neno jema, nasi tukalipokea haraka. Kila nyumba ikachukua mtoto mmoja. Kanini mwenyewe akapewa mahali pa kulala jikoni kwa shangazi wa mumewe. Mimi nilimchukua Mutheu, aliyekuwa mdogo kuliko wote, mtoto wa kubebwa mgongoni bado. Nilikuwa sijajaliwa mtoto wakati huo, mwanangu, na sitakuficha, nilimbeba njia nzima nikiimba. Nilimwogesha, nikampaka mafuta, nikampa maziwa ya mbuzi yenye povu. Nilijiona nimefanya jambo kubwa.

Kila alasiri Kanini alikuja mlangoni pangu. Hakuingia. Alisimama akamtazama Mutheu, akamshika kichwa, akauliza kama amekula, akasema asante, akaenda. Kutoka kwangu alishuka bonde akapanda ng'ambo kumwona mwingine, halafu mwingine, nyumba hadi nyumba, mpaka jua linazama. Mutheu naye akawa hali akimsubiri mama apite, na akishapita ndiyo hali kabisa.

Mama mkwe wangu tulimwita Mwaitu, yaani mama. Alikuwa mfupi, na maneno yake yalikuwa mafupi vile vile. Alasiri moja tulikuwa uani kwake, sisi wake za watoto wake na majirani, tunapepeta ndengu, Kanini akapita barabarani. Mwaitu akamfuata kwa macho mpaka akapotea.

"Huyu ameshukuru?" akatuuliza.

"Ameshukuru sana, Mwaitu," nikajibu.

"Na chakula anakula?"

Tukainamia ndengu zetu, kwa sababu shangazi wa mumewe alikuwa ametuambia chakula kinarudi kama kilivyokwenda.

"Mmemuuliza anataka nini?"

Jirani mmoja akasema, "Tumempa kila kitu, Mwaitu."

"Sikuuliza mmempa nini." Akaweka ungo chini. "Moto umemchukulia nyumba. Nyinyi mmemchukulia watoto. Mnataka abaki na nini?"

Hakupaza sauti. Lakini nilihisi uso ukiniwaka, maana mimi ndiye niliyekuwa na Mutheu mgongoni wakati ule ule, amelala.

Wazee wanasema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Kumbe hata msaada, aujuaye ni anayesaidiwa. Kesho yake tulikwenda kwa Kanini, Mwaitu mbele, mikono mitupu kwa makusudi. Tukamkuta amekaa kwenye jiwe, kwenye majivu ya kwake, kama mtu anayesubiri gari. Mwaitu akakaa chini karibu naye. Akamwambia, "Mwanangu, tumekuja kuuliza. Wewe unataka nini?"

Kanini alikaa kimya kwa muda mrefu. Ninaamini hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Msinione sina shukrani," akasema mwishowe. "Nguo ninazo nyingi kuliko nilizokuwa nazo zamani. Chakula mnaniletea mpaka kinachacha. Lakini usiku nikisikia mtoto akikohoa mbali, sijui kama ni wangu. Nataka watoto wangu walale pamoja mahali mimi nawasikia. Hata kama ni nyumba ndogo. Nijengewe tu, hayo mengine nitafanya mwenyewe."

Basi ni hilo tu. Siku zote tulikuwa tukimletea vitu, naye alitaka ukuta na paa.

Ukuta haukutusumbua. Kule kwetu kulikuwa na mwethya, chama cha kazi cha majirani, kinalima kwa huyu leo na kesho kwa yule. Miti ya kujengea ilipatikana bondeni ambako moto haukufika. Shida ilikuwa paa. Nyasi zote za kuezekea, kilima chote, zilikuwa majivu, na mabati enzi hizo yalikuwa ya wenye duka.

Mwaitu akasema atakwenda mji mdogo wa Kabati, siku ya soko, kuonana na Abdi. Abdi alikuwa mfanyabiashara wa mifugo kutoka Mwingi, Msomali mrefu mwenye ndevu zilizotiwa hina, aliyekuja Kabati kila soko kununua mbuzi. Mwaitu alikuwa amemuuzia mbuzi miaka mingi. Kiswahili chao wote wawili kilikuwa cha kuokoteza sokoni, lakini walielewana kuliko wengi ninaowajua.

Nilifuatana naye. Tulimkuta akinywa chai dukani. Mwaitu akamweleza habari ya moto, ya Kanini, ya nyasi.

"Wewe nataka mimi lete nyasi?" Abdi akauliza.

"Huko kwenu iko?"

"Iko mingi, mama, mrefu hivi." Akaonyesha kifuani. "Lori yangu nakuja hapa tupu, narudi na mbuzi. Sasa wewe patia mimi vijana ya kukata. Naenda na mimi leo, nakaa kwangu, nakula kwangu. Soko ingine narudi na nyasi."

Mwaitu akataka kusema habari ya malipo. Abdi akainua mkono. "Moto haina dini, mama. Kesho ni mimi."

Ikawa hivyo. Vijana wetu wakapanda lori pamoja na mbuzi, wakaenda Mwingi. Waliporudi walikaa juu ya nyasi ndefu kama mlima, nao walitusimulia kwamba Abdi aliwalaza uani kwake, na majirani zake wa msikitini wakatoka na mapanga wakawasaidia kukata. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mimi mpaka siku ile nilikuwa naogopa watu wa lori, nikiambiwa hili na lile. Hofu ile iliniisha nilipokuwa nashusha matita yale.

Siku za ujenzi zilikuwa kama sherehe. Wanawake tulichimba mchanga wa mtoni tukapata maji, tukapanga mstari wa madebe. Udongo ukakanyagwa kwa nyimbo. Kanini alikuwa katikati, akiamuru mlango ukae wapi na jiko likae wapi, na ndipo nikasikia tena kile kicheko chake. Shangazi wa mumewe akasema, "Sasa huyu atakula."

Paa lilipokamilika nilimrudisha Mutheu. Niliumia, nisiseme uongo. Lakini alipoteremka mgongoni kwangu alikimbia ndani, akakaa katikati ya kaka na dada zake bila kugeuka nyuma, nami nikaona ndivyo inavyopaswa kuwa.

Mutua alipata habari ya moto akiwa Kibwezi, na habari za mbali hufika zikiwa zimevimba. Aliambiwa boma lake limekwisha, wala hakuna aliyeweza kumwambia nani yu hai. Alishuka gari Kabati akapita njia nzima bila kusalimia mtu. Tulikuwa kwa Kanini tukimletea mbegu, kila nyumba kibaba chake, kunde, pojo, mtama, maana mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika. Tukamwona amesimama pale uani na mfuko wake begani. Akatazama nyumba. Akaita watoto kwa majina, mmoja mmoja, nao wakatoka mmoja mmoja. Alipomaliza aliweka mfuko chini, akaenda akaweka kiganja ukutani, udongo ungali na ubichi, akakaa hivyo ametugeuzia mgongo. Kanini akaenda kumtilia chai.

Mvua ile ilikuwa njema. Kanini alivuna, na mbegu zetu akazirudisha bila kuombwa.

Sasa nasikia wewe na wenzako mnakwenda Makueni kwa hao waliounguliwa na moto wa vilimani, na mmekusanya mizigo. Mmefanya vyema, pelekeni. Mkono mtupu haulambwi. Lakini mkifika, kaeni chini kabla ya kufungua mzigo, mkaulize. Muulize mama kivyake, na mzee kivyake, usikilize mpaka amalize, hata akianza kwa kimya. Usimtenganishe mtu na alichookoa, kwa kuwa ndicho kinachomfanya aamke. Na mwenye shida akitaka kuamuru mlango wake ukae wapi, mpishe aamuru. Ukikosa uwezo wa jambo analolitaka, usione haya kubisha kwa jirani asiyesali kama wewe. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tena usiende mara moja ukaridhika. Rudi wakati wa mbegu, ambapo wengine wamekwisha sahau.

Nenda basi, mwanangu. Mungu akupe masikio kabla hajakupa mikono. Wale utakaowainua wakuone ndugu yao. Na siku utakayoanguka wewe, maana kuanguka kupo kwa kila mtu, upate atakayekaa chini kando yako na kukuuliza.