Nilivyoandika "Haki ya Milki"

Kaka yangu alitengeneza programu ya kofia. Naliandika hili kwa sababu watu wa hapa Kibokoni wamelisahau, au wajifanya wamelisahau. Mama hushona kofia za vito, zile zinazotarizwa kwa vijitundu vya sindano, na kama washonaji wote wa Mji wa Kale, vijitundu hivyo huvihesabu kichwani: vitatu, ruka, vitano, rudi. Akikosea kimoja, ua zima huenda upande. Kaka alikuwa akifundisha kompyuta katika chumba cha ghorofani kule Makadara. Alikaa na mama miezi akimwuliza hesabu zake, akaziingiza kwenye mashine. Ukichagua ua, karatasi yatoka na nukta zake zote. Kina mama walipewa karatasi hizo bure.

Kisha ikaja barua ya mawakili kutoka Nairobi. Kampuni moja ya ng'ambo inayouza programu za kutarizi ilidai kwamba njia ile ya kupanga nukta kwenye duara ni patenti yake, mwingine haruhusiwi kuitumia, na kaka amepewa mwezi mmoja aiache. Si kwamba aliiba programu yao. Hakuwahi hata kuiona. Walichodai ni njia yenyewe, kule kuhesabu.

"Kwani wao walimjua nyanya yangu?" mama akauliza. Tulicheka. Kicheko kile nikikikumbuka sasa chanitia hasira.

Kaka na walimu wenzake wakaamua kupeleka malalamiko wizarani, kwamba programu na hesabu zisifanywe mali ya mtu. "Sahihi zetu peke yetu hazitoshi," alisema. "Nataka za washonaji. Wao ndio ushahidi kwamba hesabu hizi ni za zamani." Na kwa kuwa mwanamume hawezi kuingia ndani kwa kina mama, kazi ikaniangukia mimi, msichana wa kidato cha tatu ambaye akiambiwa asome mbele ya darasa sauti humkauka.

Waraka niliuandika kwa mkono wangu. Kwenye patenti nilikwama. Neno lile niliona halina heshima ya kupelekwa wizarani, na katika kamusi ya shule halikuwamo. Basi juu kabisa nikaandika kwa herufi kubwa, nikapiga mstari: TWAPINGA HAKI YA MILKI. Kaka aliupitia mbiombio, akasema, "Mashaallah, una hati nzuri." Nilijivunia siku nzima.

Mtu wa kwingine huenda asione kosa. Hapa kwetu milki ni nyumba. Hakuna mtaa usiokuwa na kesi yake: warithi hawasemezani, nyumba ya wakfu imezukiwa na mwenyewe, mgeni amekuja na hati mfukoni.

Nilianzia mtaa wa Kuze, kwa bibi mmoja aliyewafundisha wengi kushona, mama akiwamo. Wanawake kadhaa walikuwa wamekaa mkekani, kofia mapajani. Nikaamkia, nikampa bibi karatasi. Akavaa miwani, akasoma ule mstari wa juu, hakuendelea.

"Mwapinga haki ya milki? Milki ya nani?"

Nikatazama mkeka.

"Nakuuliza, mwanangu. Nduguyo yuwataka nyumba zetu?"

"Ndiyo mambo ya kompyuta hayo," mwingine akadakia. "Jina lako likishaingia mle, kesho nyumba si yako."

"Na zile karatasi za bure! Si nilisema mimi?"

"Ulisema wewe? Wewe uliyechukua nne?"

Wakaangua kicheko. Jibu nilikuwa nalo, tena fupi: si nyumba, bibi, ni hesabu za kofia.

"Sijui," nikasema. "Kaka ndiye ajuaye."

Bibi akaikunja karatasi, akanirudishia. "Basi mwambie aje mwenyewe mlangoni, aseme na wanangu."

Maneno yalinitangulia. Nyumba nyingine milango ilifunguliwa nusu. Nilirudi na sahihi moja, ya mama.

"Uliwaeleza?" kaka akaniuliza.

"Niliwaeleza."

"Kwamba ni hesabu zao wenyewe zinazochukuliwa?"

"Kila kitu."

Ujumbe wa bibi sikuutoa. Waraka niliuchana. Uvumi wa nyumba ulipomfikia baadaye, kaka aliuona kuwa kisingizio tu cha watu waliokwisha kumkataa.

Malalamiko ya walimu yalipelekwa bila washonaji, jibu halikuja. Mwezi ulipokwisha kaka akatia sahihi karatasi ya mawakili, akazifuta diski zake moja moja mbele yetu. Sasa ni karani bandarini. Karatasi za nukta zauzwa Makadara, zina muhuri wa kampuni, na wanawake wale wale wazinunua wakilalamika bei.

Kaka hupita mbele ya nyumba ya bibi bila kuamkia. Mama humgombeza kwa hilo, kwamba hakumlea hivyo. "Walijua, mama," humjibu. "Walielezwa, wakaniacha." Nami huwa nimekaa hapo hapo, tonge mkononi, nikiendelea kula.