Tumbili wa Daktari na Kuvumwani ya Shangazi

Shangazi yangu alitunza stoo ya maabara chuoni kwa miaka ishirini na sita, na muda wote huo hakuficha dharau yake kwa mhadhiri wa wanyama. Huyo alitaka aitwe Daktari. Usipomwita hivyo, haitiki. Alitembea kifua mbele kama aliyemeza ubao. Chupa alizotumia aliziacha kwenye sinki akaenda zake, Shangazi aje kuosha.

Mwaka mmoja Daktari alipangiwa somo la kulinganisha tumbili na kuvumwani, ile mimea midogo ya kijani inayotanda kama zulia kwenye mawe yenye unyevu. Alikuja na tumbili wake aliyekaushwa na kujazwa pamba, sikio moja limeshaliwa na wadudu, akamsifia karibu saa nzima: ana akili, ana ukoo, ana mlio wa kuonya kuna chui na mwingine wa kuonya kuna nyoka. Ilipofika zamu ya kuvumwani, aliishika bahasha yenye kuvumwani kavu kwa ncha za vidole kama soksi ya mtu mwingine. Akasema haina mizizi, haina maua, haina mbegu. Imelala tu, tena hii imekufa kitambo. Akamtupia Shangazi jicho.

"Kama watu wa stoo," akasema.

Wanafunzi wawili watatu wakacheka.

Shangazi aliichukua ile bahasha, ambayo yeye mwenyewe aliiweka kabatini miaka mitatu nyuma, akamimina vile vikunyanzi vya kahawia kwenye kisahani, akanyunyizia maji. Hazikupita dakika tano, vijani vikajikunjua, vikawa kijani kibichi. Wanafunzi waliacha viti vyao wakaja kuinamia kisahani.

"Haya, Daktari," Shangazi akasema, akimsogezea jagi. "Na wewe mmwagie wako."

Shangazi alishtakiwa kwa mkuu wa chuo. Akaambiwa aombe radhi, akaomba, kwa sauti ya mtu anayesoma maandishi ya kwenye sabuni. Muhula uliofuata Daktari alilirudia onyesho lile mwenyewe, akijifanya ni lake. Tena alitumia maji ya moto, eti kuvumwani ifufuke upesi. Akaiunguza.

Tangu hapo wanafunzi wakawa wanapita stoo kwanza kumuuliza Shangazi kabla ya kwenda darasani. Daktari alipostaafu, Shangazi alialikwa kwenye sherehe ya kumuaga. Alituma ujumbe kwamba siku hiyo ana nguo za kufua.