Fundi Saa Aondoka Kinyumenyume

Dobi alikubali kuigiza kwenye filamu fupi ya binti wa dada yake kwa sababu moja tu: mtaa mzima uone kwamba mumewe ndiye aliyefunga sanduku akaondoka. Maana yule bwana, fundi saa wa pale kona, hajachoka kumweleza kila mteja kwamba mkewe alimfukuza kama mbwa. Na watu wanamwamini. Mwanamume anayeongea taratibu, na kioo cha kukuzia kipo jichoni, nani atambishia?

Siku ya kupiga picha, binti akaja na mwigizaji. Dobi kutazama, ni fundi saa mwenyewe, kanyoa ndevu, kabeba sanduku lilelile.

"Mama mdogo, usinune," binti akasema. "Nani anajua kuondoka kama yeye?"

Hapo alisema kweli. Fundi akaondoka. Binti akasema mwanga mbaya, rudia. Akaondoka tena, akacheka mlangoni, rudia. Aliondoka mpaka jasho likamtiririka, na kila akirudi anaomba maji. Dobi, aliyekuwa akipiga pasi shati moja mbele ya kamera mpaka kola imeanza kuungua, akampa kikombe.

"Siku ile hukuchoka hivi."

"Siku ile nilikuwa na pa kwenda," fundi akajibu.

Filamu ikaonyeshwa ukumbini Jumapili. Binti akaeleza kwamba inahusu wakati, na kwamba kumbukumbu huanzia mwisho, kwa hiyo ameigeuza. Fundi saa akatokea mbali barabarani, akaja kinyumenyume na sanduku lake, akaingia ndani. Akalifungua, mashati yakaruka yakajipanga kabatini. Machozi ya Dobi yakapanda mashavu yakarudi machoni.

Ukumbi ukalipuka.

"Karudi!"

"Hongera, shoga!" muuza mkaa akamkumbatia. "Umemsamehe. Mimi nisingeweza!"

"Imegeuzwa!" Dobi akapiga kelele.

"Usione haya, tumeona wenyewe."

"Mama mdogo," binti akanong'ona, "watu wa sanaa wataelewa."

"Kwani mimi naishi na watu wa sanaa?"

Asubuhi fundi saa akabisha hodi, sanduku mkononi, mtaa mzima nyuma yake.

"Nimejiona nimerudi," akasema. "Sasa nabaki kule nafanya nini?"

Ulimi ulimwasha Dobi. Lakini akimtimua mbele ya watu wale, ule uongo wa miaka yote unakuwa kweli. Akameza maneno. Akafungua mlango wote.

"Karibu, baba. Hakuna anayekufukuza. Mashuka ya hoteli yale pale, sabuni ile. Mimi naanza kupiga pasi."

Fundi akalitazama lile rundo, refu kumpita. Akainua shuka moja kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota panya. Akalirudisha. Akatazama saa yake.

"Nina wateja," akasema.

"Wataambiwa upo kwako. Kaa."

"Wananisubiri, mama. Kweli." Akachukua sanduku, akapenya katikati ya watu, safari hii uso mbele.

Muuza mkaa akakuna kichwa. "Mbona kaondoka mwenyewe?"

Dobi akasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Semeni. Nani kaondoka?"

"Yeye," wakajibu.

"Sisikii."

"Yeye!"

"Tena. Yuko kona pale, naye asikie."