Keria ya Gari la Mastura na Msellem

Watu wa mtaa wa Shela, Malindi, walimjua Mastura binti Salmin kwa kazi moja: kuzalisha. Ukimtaja kwa mama yeyote wa mtaa ule, atakwambia ni mwanawe yupi aliyepokewa na mikono ya Mastura. Alipostaafu ukunga, aliondoka hospitalini na vitu viwili ambavyo hakuviomba: doti ya kanga ya kuagwa, na ugonjwa wa sukari. Daktari akamwambia atembee kila siku.

Alitembea wiki chache akachoka. Hakuchoka miguu, alichoka kusimamishwa. Kila pembe palikuwa na mtu mwenye swali, huyu kiuno, yule mimba, mwingine mkwe wake aliyechelewa kupata mtoto. Siku moja akarudi nyumbani, akavua viatu mlangoni, akamwambia mumewe Msellem, "Baba Amal, nifunze baiskeli. Atakaye kuniuliza na anikimbilie."

Msellem alicheka mpaka akakohoa, lakini alimfunza. Kila alfajiri baada ya swala walitoka, yeye akishika kiti cha baiskeli na kukimbia nyuma yake kama mtu anayemfukuza kuku. Wifi yake Mastura alisema mwanamke wa buibui juu ya baiskeli ni kituko. Mastura akamjibu kwamba kituko ni kukatwa mguu kwa sukari, na maneno yakaishia hapo. Hata mwaka haujaisha alikuwa akienda Mambrui na kurudi, na Msellem, aliyejinunulia yake ili amfuate, alimwona mgongo tu.

Msellem mwenyewe alikuwa dereva wa watalii umri wake wote. Aliwapeleka watu mbugani, milimani, kwenye maziwa, akalala vyumba vya madereva, akarudi na hadithi ambazo mkewe alizisikia akiwa amesinzia baada ya zamu. Hoteli aliyoifanyia kazi ilipobadilisha magari, alinunua lile alilolizoea. Aling'oa viti vyote vya nyuma, akatia kitanda, tangi la maji, kabati na jiko la gesi. Jiko alilipanga mwisho kabisa, ili ukiuinua mlango wa nyuma, nao hufunguka kwenda juu, ukupe kivuli huku unapika. Majirani waliliita nyumba ya magurudumu. Mpango ulikuwa wazi: mke na mume wazunguke pwani yao taratibu, na pale wanapolala, asubuhi wapande baiskeli.

Tatizo likawa hizo baiskeli. Safari ya kwanza ya kujaribu walilala Mambrui, na baiskeli zilipanda kitandani kabla yao. Ilibidi wazitoe ndipo walale. Asubuhi zilikuwa zimelowa umande, na shuka jeupe lina mistari ya grisi ya mnyororo.

"Tunahitaji keria ya kubebea baiskeli," alisema Mastura, akilisugua shuka lile na sabuni ya mche.

"Ya juu," akajibu Msellem papo hapo. "Miaka yote mizigo ya wageni nimeipandisha juu. Juu hakuna kinachokusumbua."

Mastura aliendelea kusugua. Lile gari lilikuwa refu, na paa lake liliinuliwa. Yeye, hata akisimama juu ya kigoda, kidole chake kilifika ukingoni tu. Basi atakayepandisha baiskeli ni Msellem. Na Mastura, ambaye kazi yake ilikuwa kumtazama mtu aingiavyo mlangoni akajua maumivu yako wapi, alikuwa ameshaona kwamba mumewe siku hizi anavaa shati kwa kuanza na mkono wa kulia, polepole. Chai anaimimina kwa mkono wa kushoto. Akitaka kikombe cha rafu ya juu, anasema hana kiu.

Hakumwambia kitu. Ukungani alijifunza kwamba jambo lisilo tayari kutoka halivutwi.

"Tuangalie na nyingine kwanza," alisema.

Nyingine ilipatikana haraka. Mtaliano mmoja aliyekuwa akihama aliwapa ya kwake, vyuma viwili vinavyoegemea mlango wa nyuma na kushikwa na mikanda. Msellem hakuipenda, ila aliifunga, akaikaza, akaitikisa. Walipakia baiskeli zote mbili, wakashika njia ya Kilifi kwa nia ya kulala Bofa.

Gede waliipita salama. Baada ya matuta ya barabarani kuanza, Mastura alisikia kitu kinagonga nyuma, polepole, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Walisimama mara ya kwanza kukaza mikanda, wakasimama tena. Karibu na mji wa Kilifi askari wa barabarani akawapungia mkono, akalizunguka gari, akarudi dirishani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, gari lako halina jina."

"Vipi halina jina?"

"Namba siioni. Na taa ya breki ya upande mmoja nayo siioni. Naona baiskeli tu. Nzuri, lakini si namba."

Askari mwenyewe aliona haya kidogo kumwambia mtu mzima hivyo. Hakuwaandikia kosa. Aliwangoja mpaka wakazishusha baiskeli na kuziingiza ndani, tena kitandani, kisha akawatakia safari njema.

Bofa nako hakukukosa jambo. Msellem alipotaka kufungua mlango wa nyuma ili mkewe apike, ile keria tupu bado ilikuwa imening'inia, na uzito wake uliufanya mlango ushuke wenyewe. Mastura alikata vitunguu huku Msellem amesimama ameuinua mlango juu ya kichwa.

"Utausimamia mpaka wali uive?" akamuuliza.

"Ikibidi."

"Haitabidi. Toka, tule mkate."

Waliketi mchangani wakala mkate na ndizi, wakicheka. Lakini Mastura aliona kwamba mumewe aliushikilia ule mlango kwa mkono mmoja tu.

Waliporudi Malindi, Msellem alitamka kama mtu anayefunga kikao. "Basi. Sasa ni ya juu." Wakaenda kwa Dena, fundi wa kuchomelea huko Maweni, aliyewahi kumrekebishia Msellem magari mengi. Dena alipanda, akapima paa kwa futi, akaweka vyuma viwili bila kuvikaza.

"Mzee, kabla sijachomelea, pandisha moja tuone inavyokaa," alisema, akaenda upande wa pili wa gari kutafuta ngazi.

Msellem hakuingoja ngazi. Aliishika baiskeli ya mkewe, ile nyepesi, akaiinua hadi kifuani. Akaisukuma juu. Ilipofika usawa wa shavu lake, mkono wa kulia ukakataa. Ulisimama tu pale pale, na baiskeli ikabaki hewani, gurudumu la mbele likizunguka taratibu. Uso wake ukawa na rangi ya majivu.

Mastura alikuwa ameshafika chini ya baiskeli. Aliipokea fremu kwa mikono miwili, akaishusha, akaiegemeza ukutani. Dena alikuja na ngazi, akawatazama wote wawili, akakumbuka kwamba ana kitu cha kufanya ndani.

"Bega," alisema Msellem.

"Najua."

"Tangu lini wajua?"

"Tangu Ramadhani. Uliponiambia futari hutaki uji, na sufuria iko rafu ya juu."

"Na ukanyamaza?"

"Na wewe si ulinyamaza?"

Msellem akaketi juu ya tairi kuukuu. Akalisugua bega kwa mkono wa pili. "Nalihofu," akasema. "Ningesema bega, ungesema nisiendeshe. Nisipoendesha, gari linauzwa. Gari likiuzwa, tunabaki nyumbani tukitazamana. Nimewatembeza watu wa dunia nzima, Mastura. Wewe sijakupeleka popote."

Maneno hayo yalimwingia Mastura mahali ambapo hakuwa amejiandaa. Yeye alikuwa akidhani mumewe anaficha uzee. Kumbe alikuwa akiilinda safari ya mkewe.

"Bega halikanyagi breki," alisema. "Na usukani huo unauzungusha kwa kidole, nimekuona. Kesho utakwenda hospitali nami, na si kwa daktari wa kumezesha vidonge, ni kwa yule wa mazoezi ya viungo. Utaendesha. Kupandisha vitu juu ndiko umestaafu."

"Na baiskeli?"

"Baiskeli zitakaa chini, mahali ambapo hata mimi nikiwa na miaka themanini nitaziweka."

Dena alipoitwa, mazungumzo yalibadilika kabisa. Chini ya bampa kulikuwa na boriti ya chuma iliyofungwa kwenye chesisi, masalio ya siku ambazo gari hilo lilikokota trela ya mizigo. Dena alisema hapo ndipo penye nguvu, si mlangoni wala paani. Akataka kutengeneza nguzo yenye mikono, baiskeli zining'inizwe kwa fremu.

"Yangu haina mtarimbo wa juu," alisema Mastura. "Fremu yake imeinama, ndiyo nikaichagua, kwa sababu ya buibui. Itaning'inia kwenye kitu gani?"

Dena akaitazama, akakubali. Msellem akasema basi ziwekwe mifereji miwili ya chuma, magurudumu yaingie humo, yafungwe kwa mikanda, na nguzo ishike fremu isiyumbe. Mastura akataka mifereji ikae usawa wa goti. Dena akasema goti ni chini mno, itakwaruza kwenye mashimo. Walibishana pale kwa furaha, watatu, mpaka wakapata urefu ambao Mastura aliweza kuinua gurudumu la mbele, akaliweka, kisha akainua la nyuma, bila kuukunja mgongo wala kumwita mtu.

Likabaki suala la mlango. Hapo ni Msellem aliyepata jibu. Keria nzima ikae kwenye bawaba moja nene. Ukichomoa pini, inainamia nyuma na baiskeli zake, mlango unapanda. Dena alitia pini ya pili ya akiba. Akafunga na kibao chenye namba ya gari na taa zake, ili nyuma ya baiskeli waonekane ni kina nani na wanapinda wapi. Kazi iliwachukua siku kadhaa, kwa sababu Dena alipomaliza walizipeleka baiskeli kwenye mizani ya duka la mchele, na uzito ukamfanya aongeze bamba moja chini.

Wakati huo Msellem alikuwa akienda mazoezini. Alirudi akilalamika kwamba amepewa kamba ya kuvuta kama mtoto. Lakini aliivuta, ikining'inia kwenye mlango wa chumbani, huku Mastura akihesabu kwa sauti na kukataa kudanganywa.

Safari yao ya kwanza ya kweli ilikwenda Kuruwitu. Walivuka Kilifi mchana, na Mastura aligeuka mara nyingi kutazama nyuma; baiskeli zilikuwa zimetulia kama abiria waliolala. Waliegesha kwenye uwanja wa mama mmoja aitwaye Idah, aliyewapa maji ya kisima na kivuli. Mastura akachomoa pini, keria ikainama, mlango ukapanda, jiko likawashwa. Ilikuwa kazi ya muda mfupi, na Msellem hakugusa chochote ila mkeka wa kuketia.

Asubuhi Mastura aliishusha baiskeli yake mwenyewe. Idah, aliyekuwa akifagia, akasimama na ufagio.

"Hiyo ya bluu ni ya mzee?"

"Yangu," alisema Mastura, akikunja buibui na kulifunga pembeni ili lisishikwe na mnyororo.

Walipanda wakaifuata njia ya mchanga mgumu iendayo kijijini, katikati ya minazi na kuta za matumbawe. Msellem alikuwa mbele kwa mara ya kwanza, kwa sababu mkewe alimwachia. Wanawake waliokuwa wakitoka kisimani waliwasalimu, na mmoja akauliza wanakwenda wapi kwa haraka hiyo.

"Hatujui bado!" Msellem akajibu, na sauti yake ilikuwa ya mtu wa miaka thelathini.

Adhuhuri Msellem alianza kuzungumzia Rabai. Alisema kule juu kuna upepo mzuri, na barabara ya kupanda si mbaya kama wasemavyo. Mastura alimsikiliza huku akipepeta mchele. Angependa kuiona Rabai, lakini miguu yake ilikuwa na uchovu mzuri, na Idah alikuwa ameahidi kumpikia pweza wa nazi.

"Kesho kutwa," alisema.

"Kesho kutwa," alikubali Msellem, akajinyosha juu ya mkeka. Upepo wa bahari uliingia kwa mlango wa nyuma, ukapita kitandani, ambako shuka lilikuwa limetandikwa tangu asubuhi, ukatokea dirisha la mbele. Mastura aliuchota mchele, akauosha, akaubandika.